Sehemu Isiyo na Mwigizaji

Siku ya kwanza hakuna aliyepiga kelele, wala taa hazikuzimika. Kilichotokea ni kwamba waigizaji walijibu kwa wakati wao wenyewe, na mkumbushaji akabaki na kidole chake hewani.

Watu wa ukumbi ule walimwita Mama Kitabu. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti kifupi pembeni mwa jukwaa, nyuma ya pazia la kushoto, mswada mapajani, na kumnong'oneza mwigizaji aliyesahau maneno. Alikuwa ameifanya miaka ishirini na sita. Katika muda huo wote hakuwahi kubadili neno la mwandishi, hata lile dogo ambalo hakuna mtazamaji angelisikia, na alijivunia jambo hilo kuliko lingine lolote, ukimtoa binti yake. Binti huyo naye alikuwa mwigizaji. Walimwita Kasuku, kwa kuwa akisomewa ukurasa mara mbili alikuwa ameushika.

Mchezo waliokuwa wakiuandaa ulikuwa tanzia ya kale, habari za malkia aliyemsukuma dada yake kisimani ili aolewe na mume wa dada. Katika tendo la tatu, karamu ikiwa imepamba moto, marehemu anatoka kisimani nguo zikimchuruzika maji. Anamwuliza askari wa mlangoni: Nilipita hapa nikiwa na nani? Anamwuliza hakimu kwa nini hakuna aliyemtafuta. Halafu anamgeukia malkia: Nani alikuwa nyuma yangu? Malkia anajibu, "Nilikuwa mimi." Mzuka unasema, "Basi nishike mkono," wanatoka wote wawili, na malkia haonekani tena mpaka mchezo unakwisha.

Mama Kitabu alikuwa ameusoma kiasi cha kuona jinsi mwandishi alivyowagawia watu wake hofu, kila mmoja kwa kipimo chake. Askari anaamini na anatetemeka. Hakimu anacheka, anasema ni divai. Malkia peke yake hashangai, kwa sababu anamjua anayekuja.

Mwongozaji aliikata sehemu ya mzuka. "Mtu kajipaka unga usoni, anatoka na shuka," alisema. "Watu watacheka. Maswali yake tuyageuze yawe kimya. Askari aite, hakimu aite, malkia aite, kila mmoja asubiri, halafu ajibu. Kila mtazamaji amsikie wa kwake." Ili kimya kisipotee ovyo, alimwomba Mama Kitabu ahesabu saba kwa kugonga goti, kisha ainue kidole mahali ambapo wote wangekiona.

Ndivyo walivyofanya kwa wiki mbili. Askari alisema, "Nani hapo? Kama una neno, liseme." Kimya, saba, kidole. Hakimu akaita, malkia akaita. Hivyo hivyo kila alasiri.

Kisha ikaja siku ile ya kwanza: askari alijibu kwenye tano. Mama Kitabu akadhani amekosea kuhesabu. Katika kimya cha pili alifika saba, akainua kidole, na hakimu hakukitazama. Alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesomewa mashtaka yake. Alijibu kwenye tisa.

Wakati wa chai akawauliza. Askari alikuwa seremala wa ukumbi, aliyepewa sehemu ile kwa sababu kundi lilikuwa dogo na alikuwa na mabega. Hakimu alikuwa mtu mnene mwenye sauti iliyompatia jina la Bwana Redio.

"Leo mmehesabu vipi?"

"Kuhesabu nini, bibie?" Bwana Redio alisema.

"Kimya. Cha kwanza mmekikata, cha pili mmekivuta."

"Tulisubiri amalize," seremala alisema, akiipuliza chai yake.

"Nani?"

Seremala akaacha kupuliza. Bwana Redio akacheka, lakini alianza kucheka akichelewa kidogo. "Mama Kitabu, uzee umekuja na mizigo yake. Hata kidole kimeanza kuwa na mawazo yake."

Nyumbani alifungua mswada wa zamani, ule usiokatwa, akayasoma maneno ya mzuka polepole huku akigonga meza. Swali la kwanza lilichukua tano. La pili tisa. La tatu, lile la malkia, lilichukua nne, na hapo ndipo alipokumbuka kwamba hata Kasuku, aliyepewa sehemu ya malkia, alikuwa amejibu kwenye nne.

Siku mbili baadaye ikaja harufu. Haikuwa mbaya. Ilikuwa harufu ya jiwe lililokaa majini muda mrefu, ukungu na chuma cha ndoo. Kisha ukaonekana unyevu kwenye mbao za jukwaa, katikati, mahali ambapo mzuka ungesimama. Seremala alipanda darini, hakuona tundu. Aling'oa ubao mmoja, chini kulikuwa na vumbi kavu. Alifuta kwa tambara, na alipolikamua yalitoka maji baridi, mengi kuliko yaliyoonekana.

"Hili mimi nalijua," alimwambia Mama Kitabu kwa sauti ya chini, bado amepiga magoti. "Na lisilonilaza si marehemu. Marehemu gani? Yule dada hakuwahi kuzaliwa. Aliandikwa tu na mtu mezani. Sasa sisi tunamwita mtu ambaye hayupo, tunamwachia na nafasi ya kusema. Aliyeitika ni nani?"

"Unasema jini."

"Nasema asiye na kwao. Kasikia wito, kaona hakuna mwenyewe."

Mwongozaji aliwasikia. Hakukasirika. Alikaa ukingoni mwa jukwaa, akavua miwani.

"Mama yangu alianguka nikiwa na miaka kumi na mmoja," alisema. "Alianguka, akatoa povu. Ndugu zetu wakasema ana jini, wakamfungia chumbani, wakamfukizia mwezi mzima. Nilipokuwa mkubwa nikamsimulia daktari mmoja. Akaniambia kuna vidonge, tena vidogo, vyeupe." Akavaa miwani. "Sibishani na wewe, fundi. Ila neno hilo lisisemwe mbele yangu."

Mama Kitabu alimpenda zaidi kwa maneno yale. Tatizo ni kwamba huzuni ya mtu, hata iwe ya kweli namna gani, haikaushi mbao.

Kisha ukaanza mkono wa Kasuku.

Kwa mujibu wa mswada uliokatwa, malkia anajibu "Nilikuwa mimi" na taa zinafifia. Hakuna mkono wa kushikwa. Lakini Mama Kitabu aliona kwamba kila alipojibu, mkono wa kulia wa binti yake uliinuka kidogo, kiganja wazi. Siku ya kwanza ulifika kiunoni. Kesho yake tumboni. Siku iliyofuata kifuani, na mazoezi yalipokwisha akamshika mwanawe kiganja akakikuta baridi, ngozi ya vidole imejikunja kama ya mtu aliyeshinda anafua.

"Kasuku. Nani amekwambia uinue mkono?"

"Sijui, mama. Unainuka."

"Mwachie mwingine sehemu hiyo. Sema unaumwa, mimi nitaongea na mwongozaji."

Walikuwa jikoni asubuhi iliyofuata, saa nne, jua limejaa dirishani. Kasuku alikuwa anaosha vikombe. Alifikiri kwanza, kama kawaida yake.

"Na huyo mwingine hana mama?" alisema. Akasuuza kikombe, akakiinamisha. Kisha, bila kugeuka, akanyamaza. Mama Kitabu alianza kuhesabu bila kutaka, moja, mbili, tatu, nne, na katikati ya hesabu akasikia matone yakidondoka sakafuni nyuma ya mlango, mazito, kama ya nguo isiyokamuliwa, na nguo zao zote zilikuwa zimekunjwa kavu kabatini tangu jana.

"Hana hasira, mama," Kasuku alisema taratibu. "Anauliza vizuri tu. Mtu akikuuliza vizuri hivyo, unaona aibu kutomjibu."

Siku hiyo Mama Kitabu alimfuata mwongozaji, akamwomba aikate karamu yote. Kwa ajili yake, na ili wote watulie, mwongozaji alikubali kujaribu. Wakaruka kurasa sita. Bwana Redio alitakiwa kuingia moja kwa moja na hotuba ya tendo la nne. Akaianza kwa ile sauti yake ya kutikisa viti, akafika nusu ya sentensi, akasimama. Mama Kitabu akamnong'oneza neno linalofuata. Hakulisema. Hakuwa amelisahau, alikuwa amenyamaza kama anavyonyamaza mtu aliyekatizwa na mkubwa wake, na seremala naye alikuwa amenyamaza, na mfagiaji kule mwisho wa ukumbi alikuwa ameegemea ufagio wake akisikiliza, na harufu ya kisima ikapanda mpaka ikawa kama ladha ulimini, na kimya kikaenda tano, kikaenda tisa, kikaenda nne, na katika ile nne mwongozaji, aliyekuwa amekaa safu ya tatu na kalamu sikioni, alikigeuza kichwa chake polepole kutazama katikati ya jukwaa, kama mtu aliyesikia amesemeshwa, na mkono wa Kasuku uliinuka mpaka usawa wa bega, vidole vikafumba juu ya kitu, na bega lake likavutwa hatua moja mbele.

Mama Kitabu alimkumbatia kiunoni. Kilichokuwa kinavuta kikaachia.

"Kamba ya pazia," mwongozaji alisema baadaye, akitafuta kalamu iliyokuwa bado sikioni. "Imemnasa kamba ya pazia." Hakuna aliyemwonyesha kwamba kamba ilikuwa upande wa pili.

Onyesho la kwanza lilikuwa baada ya siku mbili, saa kumi alasiri.

Asubuhi iliyofuata Mama Kitabu alikwenda kwa mzee aliyekuwa akiigiza mzuka ule kabla ya kustaafu. Alikuwa ameuigiza miaka thelathini, mpaka watu wakamwita Wa Kisimani hata msibani. Alikaa kwa mpwa wake, kwenye chumba chenye kitanda na kiti kimoja, macho yameingia ukungu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mama Kitabu hiyo. Wewe ndiye unayenong'ona hata ukisalimia. Sehemu yangu wamempa nani?"

"Hawakumpa mtu. Wameikata."

Mzee aliacha kutabasamu. "Wamekata na wito?"

"Wito upo. Na kimya kipo. Nilikuwa nakihesabu mwenyewe."

"Mnatandika kitanda, mnaita mgeni, halafu mnashangaa mtu kalala." Alisema bila ukali. "Mimi sikumwona hata siku moja. Nilikuwa nasikia pumzi shingoni, pale gizani, kabla sijatoka. Nikajua kuna anayetaka kutoka kabla yangu. Basi nikawa natoka mimi kwanza. Ndiyo kazi niliyoifanya miaka thelathini, watu wakadhani naigiza."

"Ni nani?"

"Sijamwuliza. Ukimwuliza mmeshaanza mazungumzo."

"Hakuna wa kumfukuza?"

"Walikuja. Mmoja alisoma, mwingine alifukiza ubani mpaka tukakohoa. Watu wema wote wawili, tena wakweli. Lakini unamfukuza asubuhi, alasiri unapanda jukwaani unamwita tena kwa sauti. Ungekuwa wewe ungeondoka?"

Mama Kitabu alitazama mikono yake. "Sasa nifanye nini? Ni binti yangu, mzee."

"Sema maneno yake kabla hajayasema. Sehemu ikiwa na mtu, yeye hana pa kusimama." Akasita. "Mwisho ndio sijui. Mimi nilikuwa nasema 'nishike mkono,' namshika malkia, tunakwenda nyuma ya pazia kunywa maji. Sasa ameonja. Ukilisema neno hilo, na yeye akalisema chini yako, sijui mkono wa mtoto utashikwa na nani."

Alimweleza mwongozaji siku ile ile. Alitegemea mabishano. Macho ya mwongozaji yalikuwa yamevimba kwa kukosa usingizi.

"Siamini, Mama Kitabu," alisema. "Lakini panda."

Siku ya onyesho ukumbi ulijaa. Nje jua lilikuwa kali. Ndani, mapazia yakiwa yamefungwa, watu walijipepea kwa karatasi za programu. Bwana Redio alipita nyuma ya jukwaa akiwa na joho la hakimu, akamwona Mama Kitabu amesimama upande wa kulia, upande ambao hakuwahi kukaa, na kitabu chake kimeachwa juu ya kile kiti kifupi ng'ambo.

"Nikisahau maneno leo nani ataniokoa?" alinong'ona.

"Usisahau."

Bwana Redio akarekebisha joho lake. Akamgusa bega, akaingia.

Karamu ikaanza. Mama Kitabu alisikia pumzi shingoni, baridi, isiyo na haraka. Hakugeuka. Askari akaita, "Nani hapo? Kama una neno, liseme," na sauti ya seremala ilitetemeka vizuri kuliko ilivyowahi kutetemeka mazoezini, na Mama Kitabu akatoka.

Watazamaji waliona mwanamke mzee aliyevaa gauni la kila siku, bila viatu. Alikuwa hajawahi kusema kwa sauti mahali pale. Koo lake lilizoea kunong'ona tu, na neno la kwanza lilitoka limekwaruza. "Nilipita hapa nikiwa na nani?" Na chini ya sauti yake, ikichelewa kidogo sana, kama mtu anayesoma juu ya bega la mwenzake, ikasema sauti nyingine maneno yale yale. Hakimu akaita. Mama Kitabu akalisema swali la pili, refu, la pumzi tisa, na ile sauti ikawa haichelewi tena, ikawa sambamba naye, mbao chini ya nyayo zake zikilowa, maji yakipita katikati ya vidole vyake vya miguu, harufu ya jiwe na ukungu ikijaa kinywani kila alipokifumbua, na wale watu wa safu ya mbele wakiacha kujipepea mmoja mmoja.

"Nani alikuwa nyuma yangu?" aliuliza, nao wawili waliuliza.

Kasuku alikuwa anamtazama mama yake na hakuwa anamtazama mama yake. "Nilikuwa mimi," alisema, na mkono wake ukainuka wote, wazi, mwepesi, kama wa mtoto anayevushwa barabara.

Hapo sauti ile ikamtangulia. Ilisema "Basi" kabla yake, na mdomo wa Mama Kitabu ukataka kuifuata, kwa sababu miaka ishirini na sita ilikuwa imeufundisha kwamba baada ya "basi" kuna "nishike mkono" na hakuna kingine, kwamba neno la mwandishi haliguswi, kwamba anayeligusa ni mzembe au mwizi, na vidole vya mwanawe vilikuwa vimeanza kufumba.

"Basi baki," Mama Kitabu alisema. "Baki hapa, ndugu yangu, uishi na ulilofanya. Mimi narudi peke yangu."

Ile sauti ikakatika.

Alikijua kimya kile kuliko mtu yeyote duniani. Ni kimya cha mwigizaji aliyepotea, aliyepewa neno asilolitegemea na sasa hajui yuko ukurasa gani. Na akahisi, kama unavyohisi mtu akigeuka karibu yako kwenye giza, kitu kikubwa chenye maji kikigeuka pole pole kuelekea pembe ya kushoto, kwenye kiti kifupi, kikingoja kunong'onezwa. Kiti hakikuwa na mtu. Mkono wa Kasuku ukaanguka.

Mama Kitabu akatoka jukwaani kwa mwendo wa kawaida. Nyuma ya pazia seremala alimpokea, akamkalisha chini, akamfunika na koti lake. Ukumbi ulipiga makofi muda mrefu. Mwongozaji alikuja, akapiga magoti, akamkausha miguu kwa shati lake mwenyewe.

Ingekuwa ni onyesho moja, hadithi ingeishia pale. Maonyesho yalikuwa kumi na mawili, watu walikuwa wameshakata tiketi, na Mama Kitabu alikuwa ameshaona kwamba kufuta hakufuti kitu. Siku ya pili, akiwa amesimama gizani upande wa kulia, alisikia pumzi ile shingoni, na ndani ya pumzi maneno, ya chini, yakirudiwa kwa bidii. Basi baki. Baki hapa, ndugu yangu.

Kilikuwa kinajifunza.

Alasiri hiyo ilimbidi atunge jingine papo hapo. Siku ya tatu jingine. Yeye ambaye hakuwahi kugeuza neno la mtu akawa kila asubuhi anakaa jikoni na penseli, akitafuta namna mpya ya kumwambia mtu asimfuate, na kila alasiri akalisema, kimya kile cha kupotea kikaja, mkono ukaanguka. Na kila mara kimya kilikuwa kifupi zaidi.

Asubuhi ya onyesho la tisa Kasuku alikaa naye mezani. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kukauka, rangi imerudi. Alivuta karatasi.

"Hili ulilisema Jumatano, mama."

"Nililigeuza kidogo."

"Atalitambua." Akasoma chini. "Na hili ni lile la jana, umelivalisha kofia tu."

Mama Kitabu akacheka kidogo, mara ya kwanza baada ya siku nyingi, kisha akapangusa macho. "Yanakwisha, mwanangu. Nilidhani yako mengi. Mtu ukitaka kumwambia mtoto wako abaki, maneno yenyewe ni machache mno."

Wakanyamaza wote wawili, wakifikiri. Maji yalikuwa yanachemka jikoni, dirisha lilikuwa wazi. Na katika kimya kile, kutoka nyuma ya kiti cha Mama Kitabu, kwa sauti ya chini isiyomshtua mtu, kwa upole wa aliyeijua kazi hiyo miaka mingi, akanong'onezwa na ile sauti ya jukwaani.

Yalikuwa maneno mazuri. Yalikaa mahali pake sawasawa; mwandishi mwenyewe asingeyapata.

Mama Kitabu hakusogea. Ila Kasuku, bila kuinua macho, alikuwa ameshaichukua penseli mkononi mwake, na alikuwa anayaandika.